Karatasi ya Moyo Yenye Jina la Marko

Itetemia, nyuma ya kigango,
Tabora.
6 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Josepha,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nikisubiri shikamoo yako ifike kutoka Tanga nitakufa sijaipata, kwa hiyo nimeipokea kabisa mapema, pamoja na zile unazonikwepa tangu Krismasi. Hujambo wewe? Shemeji yangu Zablon hajambo na lile goti lake la reli? Mwambie bado namsubiri aache Umoravian aje kwetu, maana huko kwao wanaimba vizuri kuliko sisi na jambo hilo linatutia aibu. Binti yako Recheli na wanawe wazima? Joto la huko mnalivumiliaje? Hapa mvua zimenyesha kwa kujikongoja, mahindi yamefika kifuani, mbuzi wa jirani nao wamefika kwenye mahindi.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Mwezi uliopita nilipimwa moyo hospitalini, nikalazwa chali, nikabandikwa waya kifuani, na daktari alipoitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine akasema tangu aanze kazi hajaona moyo kama huu kwa mzee wa miaka sabini na mitano. Alisema ni moyo wa kijana anayecheza mpira. Manesi wakaitwa waje kuuona.

Basi, nimedanganya. Kupimwa nilipimwa, na waya nilibandikwa. Manesi hawakuitwa. Alichosema daktari ni kwamba moyo wangu una ubovu wa siku nyingi, akashangaa nimetembeaje na moyo huo mpaka pale. Nimeanza na uongo kwa kuwa mkono umeuzoea, na kwa kuwa ukweli uliobaki kwenye barua hii haufai kumsalimia nao mtu. Zablon asikusomee. Soma mwenyewe, na usome ukiwa peke yako.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako wewe wanao huiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza kama taarifa ya habari. Na la pili, jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo nikashindwa. Darasa la nne niliishia, lakini naona kalamu ina ujasiri ambao mdomo wangu hauna. Barua hii nampa kondakta wa basi, atakupigia uifuate stendi.

Ni habari ya ndugu yetu Marko.

Advera alikupigia akakwambia mumewe alipandwa na presha, akalazwa siku tisa, ametoka. Ndivyo shemeji alivyoelewa na simlaumu. Si presha, Josepha. Marko alipata mshtuko wa moyo, mkubwa, na sehemu ya mbele ya moyo wake imekufa. Imekufa kabisa, kama mkono uliopooza. Na mimi nina mkono wangu katika jambo hilo. Nitakusimulia kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitaangukia kwenye mzaha, unanijua.

Mwaka juzi mwezi wa sita nilikuwa napakia magunia ya karanga, kifua kikanibana. Kilibana kama mtu amenikalia. Nikapumzika, kikaachia. Kesho yake tena. Nikaona huyu anayenikalia ana nia ya kuhamia kabisa. Mimi bima sina. Marko anayo, amekatiwa na mwanawe Valentino kwa ule ualimu wake wa Sikonge. Kadi ina picha, na sura zetu unazijua, hata mama alikuwa akichapa yule aliye karibu. Zamani Marko alikuwa na nywele, ndiyo ilikuwa tofauti. Sasa Mungu amemnyang'anya na hizo.

Nilijua nikimwomba atakataa. Katekista gani atakukopesha uongo wenye picha yake? Basi alipokwenda Kipalapala kwenye semina yao ya siku tatu, nikapita kwake kumsalimia Advera, na Advera alipotoka kunichotea maji ya kunywa nikaichomoa kadi kwenye kitabu cha nyimbo anamoiweka. Nikaenda hospitalini. Dirishani nikasema mimi ndiye Marko Ngollo, mzaliwa wa hamsini na mbili. Nilijipunguzia miaka miwili bila kutarajia, nikajisikia vizuri.

Wakanipima kile kipimo cha umeme wa moyo, ECG wanakiita. Wanakupaka kitu cha baridi kama ute wa yai, wanakubana mikono na miguu kwa vibanio kama nguo iliyoanikwa, kisha mashine inatoa karatasi yenye mistari. Daktari wa siku hiyo, baba mmoja mnene ambaye wameshamhamisha, alinieleza vizuri tu. Moyo una umeme wake, akasema, nao unapita njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Yangu ya kushoto imekatika. Umeme ukitaka kufika upande huo unazunguka, kwa hiyo mistari yangu imekuwa mipana, inainuka na kushuka kama nundu za ng'ombe waliopangana. Akaniambia mtu mwenye karatasi kama hii, siku akipata mshtuko wa moyo, hali yake huwa mbaya kuliko ya wenzake. Akaniandikia dawa. Akasema nije kila mwezi.

Dawa za mwezi ule nilizimeza. Kadi nikairudisha kwenye kitabu cha nyimbo, ukurasa uleule, kabla Marko hajarudi. Mwezi uliofuata sikwenda, maana kwenda kulihitaji kadi, na kifua kilikuwa kimeniachia. Nikasema yule daktari alikuwa ananitisha tu. Kilabuni niliwaambia wenzangu kwamba nimekuwa Marko kwa siku moja nzima na sikutamani kusali hata mara moja. Walicheka sana. Ikaisha hapo.

Karatasi ile ilibaki kwenye kompyuta yao, kwenye jina la Marko na namba ya Marko. Mimi niliisahau.

Sasa njoo mwaka huu, Jumamosi tarehe nane mwezi wa pili. Marko aliamka alfajiri kupalilia mahindi nyuma ya nyumba. Saa kumi na mbili hivi akamwita Advera mara moja tu, kwa sauti ndogo. Advera akanitumia mtu. Nikamkuta amekaa juu ya tuta, jembe liko kando, amejishika kifua, jasho linamtiririka na ngozi imekuwa rangi ya jivu. Alikuwa ametapika. Aliniambia maumivu yamepanda mpaka kwenye taya. Tukangoja bajaji kwa muda mrefu kuliko tulivyopaswa, tukampakia. Kule Isevya barabara imechimbika, kila shimo Marko anafumba macho. Nikamwambia, "Usifie kwenye bajaji, katekista mzima. Watu watasema ulikuwa unatoka wapi." Akanijibu, "Wewe nyamaza, nasali." Ilikuwa saa mbili asubuhi tulipofika.

Daktari wa zamu alikuwa binti, Shamila jina lake, umri wa mjukuu wangu, mtandio mweupe, haongei sana. Alimpima Marko harakaharaka, akaitazama karatasi, nikaona uso umebadilika. Akamwambia nesi waandae dawa. Kisha akauliza kadi, akaingiza namba kwenye kompyuta. Akachapisha karatasi nyingine. Akaja akazilaza zote mbili kitandani, pembeni ya mguu wa Marko, moja karibu na nyingine.

Nundu zilezile. Hata mimi wa darasa la nne niliona.

"Mzee Marko," akasema, "karatasi yako ya leo na ya mwaka juzi zinafanana. Kumbe tatizo hili unalo siku nyingi. Uliandikiwa dawa, umekuwa ukizitumia?"

"Dawa zipi, mwanangu?"

"Za moyo. Ulikuja hapa mwezi wa sita, mwaka juzi."

"Mimi?"

"Ni wewe, baba. Jina lako hili, kadi yako hii."

Marko, na maumivu yale yote, akageuza kichwa akanitazama mimi niliyesimama upande wa dirisha. "Kaka," akaniuliza, "nilikuja?"

Josepha, hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilichotakiwa ni kupita. Maneno yenyewe hayafiki matano. Nikasema, "Uzee huo, Marko. Kesho utasahau na jina la Papa." Nesi akacheka. Marko naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama anavyocheka siku zote nikimtania mbele za watu.

Baadaye nilikuja kuelezwa maana ya saa ile. Karatasi ya nundu ikiwa mpya kwa mtu anayeumwa kifua, wanaihesabu kama mshtuko wa moyo, wanampa upesi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa. Ikiwa ya zamani, dawa hiyo hawakurupuki kuitoa, maana inaweza kumwagisha damu kichwani. Wanasubiri vipimo vya damu kwanza. Yule binti aliona ni ya zamani, akasubiri. Usimlaumu. Alisoma alichoandikiwa, na aliyemwandikia ni mimi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nimejitengenezea sababu nyingi tangu siku hiyo: nilimwogopea Valentino na kazi yake, niliogopa polisi, nilidhani daktari anajua zaidi yangu. Zote nilizitengeneza nikiwa nimerudi nyumbani. Saa ile sababu ilikuwa moja. Nesi alikuwa amecheka, nikaona aibu kumwambia kwamba kilichomchekesha ni uongo.

Majibu ya damu yalikuja mchana yakiwa juu kidogo. Wakasema inaweza kuwa ule ugonjwa wa zamani umechokozwa, watarudia. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikanunua karanga, nikazila. Nakuandikia hata hizo karanga ili ujue.

Jumapili asubuhi nilimkuta Marko amekalishwa, hewa haimtoshi, kifua kinakoroma kama sufuria ya uji. Karatasi mpya wameshaitoa, na safari hii hata nundu zimebadilika. Daktari Shamila alikuwa anatoka wodini. Nikamfuata kwenye korido.

"Daktari, ile karatasi ya mwaka juzi si ya Marko."

"Ni ya nani?"

"Yangu."

Hakunifokea. Ningepata nafuu angenifokea. Aliniuliza maumivu ya Marko yalianza saa ngapi, nikamwambia saa kumi na mbili jana. Akahesabu kwa vidole, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia. "Saa ishirini na sita," akasema. "Ile dawa ni ya saa kumi na mbili za mwanzo." Akaushusha ule mkono aliokuwa anahesabia, akautia kwenye mfuko wa koti, akarudi wodini kufanya yaliyobaki ya kufanya. Alimpigania Marko siku nzima ile, nilimwona. Hakula.

Kesho yake akaniita, akanilaza, akanipima na mimi. Ndiyo ule upimaji niliokusifia pale mwanzo. Akaweka karatasi yangu mpya na ile ya mwaka juzi. Sawasawa. Haijasogea hata nukta. "Babu, moyo wako ni mbovu vilevile ulivyokuwa," akasema, "ila umeshazoeana na ubovu wake." Akanifungulia faili langu mwenyewe. Dawa nameza kila siku, usinihurumie.

Siku ya kuruhusiwa Marko, alisema hataki kuelezwa yeye. Daktari amweleze kaka, kaka ndiye mkubwa. Nikaingia kwenye kile chumba kidogo. Binti akanipangia mezani karatasi za Marko za siku zote tisa. Akanionyesha mahali mstari ulipotakiwa kupanda na sasa haupandi, akasema hapo ndipo misuli ilipokufa. Akanionyesha upana wake. Akaniambia na ile picha ya moyo waliyompiga inaonyesha moyo unasukuma damu kidogo sana, kama robo ya kilichomo. Nikamwuliza hiyo mistari inasema amebakiziwa siku ngapi.

"Karatasi haisemi siku, babu. Inasema kundi. Chukua watu kumi wenye karatasi kama hii na moyo unaosukuma hivi, wa umri wake. Mwaka ukiisha, wanne huwa hawapo. Pengine watano."

"Marko yumo upande gani?"

"Hilo karatasi haijui. Na mimi sijui."

Kisha nikauliza lile ambalo ningeliacha kama ningekuwa na akili. "Na kama ile Jumamosi angepewa dawa?"

"Hao wanne wangekuwa wawili, pengine," akasema.

Wawili waliobaki nimewabeba mimi. Nalala nao, naamka nao. Ningetamani angesema hakuna tofauti, au angesema wote kumi wangepona, ningejua mahali pa kusimama. Wawili katika kumi ni kitu gani? Siwezi kusema nimemwua ndugu yangu na siwezi kusema sikumwua.

Unamkumbuka babu na hadithi zake za upagazi, alivyobeba pembe akiwa kijana kwenda pwani. Kulikuwa na mchezo mmoja aliokuwa akipenda kutusimulia. Mpagazi mwenye mzigo mzito husubiri kambini mwenzake asinzie, anahamisha pembe iliyo nzito kwenye mzigo wa mwenzake na kuchukua nyepesi. Asubuhi yule anajitwika, anaona leo amechoka tu, haulizi. Anatembea siku nzima akijilaumu kwamba miguu yake imekuwa ya kivivu. Babu alikuwa akicheka mpaka ugoro unamtoka, na sisi tulicheka. Wewe hukucheka. Uliuliza yule mwenzake alifika? Babu akasema hakumbuki.

Huku mtaani wangejua wangesema karatasi ilitabiri kifo, ikalifuata jina lililoandikwa. Nilimwuliza na daktari jambo hilo, kwa kuzungukazunguka. Akasema hapana, mishipa ya Marko ilikuwa inaziba yenyewe kwa miaka, karatasi haina miguu. Mchana huwa namwamini.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Ningeweza kuubeba huu mzigo mpaka kaburini, mimi si mtu wa kusumbuliwa sana na dhamiri, unanijua. Lakini Marko anaamini alichoambiwa siku ile. Anaamini alikwenda hospitalini mwaka juzi, akapewa dawa, akazidharau, na kisha akasahau yote. Anatafuta ile siku kichwani mwake na haioni. Analalia mito mitatu, miguu imevimba, na kazi anayoifanya mchana kutwa ni kuitafuta ile siku. Amemwuliza Advera mara nne. Amempigia Valentino simu kumwomba radhi kwamba kadi alipewa na hakuitumia vizuri. Na ameacha ukatekista. Alimwambia padri kwamba mtu anayesahau ugonjwa wake mwenyewe atasahau na sala, asije akawapotosha watu. Miaka thelathini na moja, Josepha. Jumapili mbili hizi kigango kinaongozwa na kijana anayesoma kama anakimbizwa.

Mimi pia ameniomba radhi. Alinishika mkono akasema, "Kaka, nimewatia wasiwasi kwa uzembe wangu." Nikamwambia uzembe ni wa ukoo, asijidai ameuvumbua yeye.

Daktari alipogundua alirekebisha faili, ile karatasi ikarudi kwenye jina langu. Lakini Marko hakuambiwa, alikuwa hoi. Siku ya kuruhusiwa binti akaniambia hivi: "Tarehe ishirini mwezi wa tatu anarudi kliniki. Nitamweleza historia yake yote, ni haki yake. Ningependa nimkute ameshaisikia kutoka kwako." Nikamwahidi kesho yake tu nitamwambia. Leo ni siku ya kumi na saba.

Sikukaa bure. Nimekwenda mara sita. Nafika nimeshika maneno yangu vizuri, kama mtu aliyebeba maji kwenye mikono. Marko ananitazama, ananionea huruma kwamba nimechoka kwa kumuuguza, na mimi natema kichekesho. Jana Jumatano ya Majivu padri alikuja kumpaka majivu kitandani, maana hawezi kutembea mpaka kanisani. Marko akasema mbele yangu, kwa ile sauti yake isiyofika mlangoni, "Padri, niombee, niliudharau mwili Mungu alionipa." Nikafungua mdomo. Safari hii ilikuwa iko hapa, kwenye meno. Kilichotoka ni, "Padri, umempaka mengi mno, tuachie na wengine." Padri akacheka. Advera akacheka. Marko akatabasamu na majivu yake usoni.

Nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye mahindi aliyoyaacha nusu. Mistari aliyopalilia inajulikana mpaka leo.

Nimejiuliza ni kitu gani hiki. Nimefika mahali nadhani kucheka ndiko kulikonifanya nisijifunze kitu kingine chochote cha kufanya nikiogopa. Mtu mwingine hulia, mwingine hukasirika, mwingine huondoka. Mimi nina kifaa kimoja, natumia hichohicho kwa kila kazi.

Advera bado hajui lolote, usimpigie. Valentino naye usimpigie. Wakisikia kwa mtu mwingine kabla ya Marko, itakuwa nimemfanyia ubaya wa pili.

Nisalimie Zablon, na umwambie barua imemtaja kwa wema. Recheli mwambie mjomba wake amefunguliwa faili, sasa ni mtu wa kuheshimika. Watoto uwabusu. Mungu awafunike huko mliko, awape pumzi ndefu ninyi mnaoitumia vizuri, na akinibakizia mimi kidogo itanitosha kwa kazi hii moja.

Sasa kuna deni lako dogo. Mwaka themanini na moja ulipotoka kwa masista, ulifika hapa jioni na kisanduku chako, ukajificha nyuma ya ghala ukilia, maana ulikuwa uingie umwambie baba kwamba utawa umekushinda na tena mchumba ni Mmoravian. Uliniambia, "Kaka, kaa mlangoni, nisipate pa kukimbilia." Nilikaa. Sikusema kitu, sikukutetea, nilikaa tu kama ulivyotaka, na kile kigoda alichokurushia baba kilikupita kikanipata mimi sikioni. Uliahidi siku moja utanilipa. Sijakudai miaka arobaini na minne.

Panda basi, Josepha, ufike kabla ya tarehe ishirini. Sikuombi uniombee msamaha wala umtengenezee Marko maneno. Chukua kiti, ukiweke mlangoni pa chumba chake, ukae. Mimi nitakuwa ndani naye. Nikianza kuchekesha, usicheke.

Ndugu yako wa tumbo moja, anayekupenda na kukungoja,

Octavian Ngollo